Chungu cha Mexico: Nyama ya Mshindi, Mchuzi wa Aliyeshindwa

Mwezi uliopita, katika semina ya wanafunzi wa mwaka wa tatu, tulijadili iwapo taifa linaweza kudai kuwa na chakula cha asili. Mwanafunzi mmoja alisimama na kutetea kwa ukali kwamba chakula chochote kilichochanganyika na vitu vya mkoloni kimekwisha kupoteza asili yake, na kwamba hatua ya kwanza ya kuikomboa fikra ni kukisafisha chungu. Darasa likampigia makofi. Nilimuuliza alikuwa amekula nini mchana ule. Akajibu: ugali, maharage na pilipili.

Sikutaka kumwaibisha mbele ya wenzake, kwa hiyo sikumwambia pale pale kwamba mahindi, maharage na pilipili vyote vitatu vilivuka Bahari ya Atlantiki kutoka Amerika, na kwamba vilifika kwetu katika karne zilizofuata safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1498. Niliahidi kumjibu kwa maandishi. Jibu lenyewe ni hili, na nimelichagulia mfano wa mbali kwa makusudi, maana ni rahisi zaidi kuuona ukweli ndani ya chungu cha jirani kuliko ndani ya chungu chako mwenyewe.

Mfano wangu ni mlo uitwao chile verde, yaani pilipili ya kijani. Ni nyama ya nguruwe, hasa ya bega, inayopikwa taratibu kwa saa mbili au tatu ndani ya mchuzi wa pilipili mbichi na tomatilo. Tomatilo ni tunda la kijani lenye ukubwa wa ndimu, lililofunikwa kwa ganda jembamba mfano wa taa ya karatasi. Msomaji aliyewahi kula yale matunda madogo ya manjano ambayo Waganda huyaita ntuntunu ameshakutana na ndugu yake wa karibu. Tomatilo ni chachu, na uchachu huo ndio unaoyakata mafuta ya nguruwe. Mlo huu hupikwa kaskazini mwa Mexico na katika majimbo ya Marekani ambayo hapo zamani yalikuwa sehemu ya Mexico, na kila familia huapa kwamba ni urithi wa bibi yao. Hawasemi uongo. Swali ni bibi huyo aliurithi kwa nani, na kwa gharama gani.

Tuanze na mchuzi, kwa kuwa ndio mkongwe. Pilipili zilianza kulimwa Mexico maelfu ya miaka kabla Mhispania yeyote hajakanyaga pwani ile. Tomatilo nayo ni ya huko huko. Wazungumzaji wa Kinahuatl, lugha ya dola la Waazteki, walikuwa na neno tomatl kwa jamii nzima ya matunda hayo yenye majimaji, kisha wakatofautisha: miltomatl ikawa hii ya kijani yenye ganda, na xitomatl ikawa nyanya nyekundu tuijuayo sisi. Mchuzi waliuita molli. Padre Bernardino de Sahagún, Mfransisko aliyefika Mexico mwaka 1529, alishirikiana kwa miongo kadhaa na wasomi wenyeji kuandika kitabu kikubwa cha juzuu 12 kuhusu maisha ya watu wale, katika Kinahuatl na Kihispania. Humo mna wauzaji wa sokoni mmoja mmoja: muuza pilipili, muuza nyanya, muuza vitoweo vya mchuzi. Mna pia orodha ya vyakula vya watawala, ambamo bata mzinga, samaki na hata mijusi ya majini huja pamoja na pilipili za rangi mbalimbali. Mtu akiisoma orodha ile anaelewa kwamba mchuzi wa kijani haukuhitaji kungoja meli ifike.

Wahispania walilichukua neno tomatl, wakalikata mkia, likawa tomate, nalo likaenda Ulaya kuitwa nyanya nyekundu. Katikati ya Mexico hadi leo nyanya nyekundu ni jitomate, na tomate ni ile ya kijani. Kwingineko kote duniani jina la mwenye nyumba limevalishwa mgeni, na mwenye nyumba amebaki na jina la kumdogosha, tomatilo, yaani kinyanya. Nasi tusicheke sana. Neno letu mahindi linayaelekeza macho India, na pilipili ni jina la kale la viungo vya Asia tulilolibandika tunda la Amerika. Majina ya vyakula ni mashahidi wazuri wa safari, lakini mara nyingi hutaja kituo cha mwisho na kusahau cha kwanza.

Sasa nyama. Nguruwe wa kufugwa hakuwapo Amerika. Mwaka 1493, katika safari yake ya pili, Christopher Columbus alipitia Visiwa vya Kanari akapakia mifugo. Bartolomé de las Casas anaandika kwamba nguruwe walikuwa wanane. Visiwani Karibi walizaliana kiasi cha kushangaza. Nguruwe hahitaji malisho mapana kama ng'ombe, anakula chochote, anazaa wengi kwa mkupuo, na anaweza kutembezwa nyuma ya jeshi kama ghala lenye miguu. Hernando de Soto alipoingia Florida mwaka 1539 alikuwa na nguruwe 13. Miaka mitatu baadaye, alipofariki, walikuwa mamia.

Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulianguka tarehe 13 Agosti 1521, baada ya ndui na kuzingirwa kwa siku zaidi ya 70. Bernal Díaz del Castillo, askari aliyepigana vita ile na kuandika kumbukumbu zake uzeeni, anasimulia karamu ambayo Hernán Cortés aliwaandalia watu wake huko Coyoacán kusherehekea ushindi. Vitu viwili vilikuwa vimefika kwa meli: mvinyo kutoka Uhispania na nguruwe kutoka Cuba. Nakuomba msomaji usimame hapo kidogo. Mji bado unanuka maiti, wenyeji waliosalia wanatoka na watoto migongoni wakitafuta mizizi ya kula, na maili chache kutoka hapo washindi wanakata nyama ya nguruwe. Mlo ninaouzungumzia una mzizi wake katika meza ile.

Baada ya askari ikaja mifugo, na uharibifu wake ulidumu zaidi ya ule wa mizinga. Mashamba ya wenyeji hayakuwa na uzio. Hayakuwa na sababu ya kuwa nao, kwa kuwa hapakuwa na mnyama mkubwa wa kufugwa wa kuyavamia. Ng'ombe, kondoo na nguruwe wa Wahispania waliingia katika mahindi, maharage na pilipili wakala. Kumbukumbu za utawala zimejaa malalamiko ya vijiji kuhusu mifugo mashambani, na mwaka 1592 ikasimikwa mahakama maalumu ya kusikiliza kesi za wenyeji. Walioshinda kesi walikuwapo. Lakini magonjwa yalikuwa yanawamaliza: tauni kubwa za 1545 na 1576 zilifuata ile ya ndui, na ndani ya karne moja sehemu kubwa sana ya watu wa Mexico ya kati ilikuwa imekufa, zaidi ya robo tatu kwa makadirio ya wanahistoria wengi. Shamba lisilo na mtu wa kulilima likaitwa pori, na pori likapewa mwenye mifugo. Elinor Melville, katika utafiti wake wa bonde la Mezquital uliochapishwa mwaka 1994, alionyesha jinsi kondoo walivyoligeuza bonde la kilimo kuwa nyika ya miiba. Watumishi wa serikali wanaosoma ukurasa huu, hasa wanaosuluhisha migogoro ya wakulima na wafugaji, hawatahitaji nieleze zaidi.

Nguruwe alikuwa na kazi nyingine, ya kiitikadi. Mwaka 1492, mwaka ule ule wa safari ya kwanza ya Columbus, wafalme wa Uhispania waliiteka Granada, ngome ya mwisho ya Waislamu, na wakawafukuza Wayahudi wote waliokataa kubatizwa. Waliobaki na kubatizwa waliishi chini ya macho ya majirani. Baraza la Uchunguzi wa Imani lilisoma hadharani orodha za dalili za uasi, na mojawapo ilikuwa kukataa nyama ya nguruwe. Kipande cha nyama kikawa hati ya uraia. Baraza hilo lilifunguliwa rasmi Mexico mwaka 1571, na Desemba 1596 Luis de Carvajal, mama yake na dada zake waliuawa jijini Mexico kwa kosa la kushika dini ya Kiyahudi. Wenyeji wa asili hawakuwa chini ya mamlaka ya Baraza hilo, lakini waliishi katika jamii ambamo harufu ya mafuta ya nguruwe jikoni ilikuwa ushahidi wa utiifu.

Kwetu pia nyama hii imewahi kubeba mzigo usio wake. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalishambuliwa jijini Dar es Salaam, watu wakakamatwa, na kwa majuma kadhaa nchi ikajadili sahani kana kwamba inajadili katiba. Silinganishi matukio haya. Dola iliyomlazimisha mtu kula na kundi lililotaka wengine wasiuziwe si kitu kimoja. Ila mahali popote ambapo sahani inageuzwa kuwa kiapo, mtu wa kwanza kuumia ni yule asiye na nguvu ya kusema "sili" au "nala" bila kutoa maelezo.

Basi ni nani aliyemweka nguruwe wa mshindi ndani ya mchuzi wa aliyeshindwa? Hapa nyaraka zinanyamaza, na ukimya huo una sababu. Katika mfumo wa encomienda, mshindi alipewa vijiji vya kumtolea kodi na kazi, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa wanawake wa kumsagia mahindi na kumpikia. Bwana alileta nyama. Jiwe la kusagia, kaango bapa la udongo na pilipili vilikuwa vya mpishi. Yeye ndiye aliyezichoma tomatilo mpaka zikavimba na kuungua madoa, akazisaga pamoja na pilipili, akammwagia mnyama asiyemjua mchuzi ambao mama yake aliumwagia nyama ya bata mzinga. Hakuna aliyeandika jina lake. Kutoka kwa bwana alichukua vitunguu, vitunguu saumu, bizari nyembamba na giligilani, ambavyo vyote ni vya ng'ambo. Alichukua pia mafuta. Kabla ya nguruwe, mapishi ya Mexico yalikuwa hasa ya kuchemsha, kuchoma na kupika kwa mvuke. Ni mafuta ya nguruwe yaliyoleta ukaangaji na kuingia katika unga wa tamale, chakula ambacho mtalii wa leo huambiwa kwamba hakijabadilika tangu enzi za Waazteki.

Si kwamba nguruwe aliendelea kuwa mali ya Wahispania peke yao. Kwa sababu zile zile zilizompendeza askari, alimfaa pia maskini: mama wa kijijini angeweza kufuga mmoja kwa makapi ya mahindi. Bonde la Toluca, magharibi mwa jiji la Mexico, likawa maarufu kwa nyama hiyo, na mpaka leo soseji yake inayojulikana zaidi ni ya kijani, yaani nyama ya mshindi iliyochanganywa tangu mwanzo na pilipili na majani.

Mwanafunzi wangu angeweza kuuliza: kwa nini wasingekataa tu? Wapo waliokataa, na kisa chao ndicho ninachotaka akisome zaidi ya vyote. Mwaka 1598 Juan de Oñate aliongoza msafara wa walowezi kaskazini, katika nchi ambayo leo ni jimbo la New Mexico, akawaweka watu wa Pueblo chini ya kodi na misalaba. Agosti 1680 watu hao, wakiongozwa na Po'pay wa Ohkay Owingeh, waliinuka kwa siku moja iliyopangwa katika vijiji vilivyotengana kwa mamia ya kilomita na vyenye lugha mbalimbali. Waliwaua Wahispania wapatao 400, wakiwamo mapadre 21, na kuwafukuza waliosalia hadi El Paso. Kwa miaka 12 nchi ilikuwa yao. Ni miongoni mwa mapinduzi machache ya wenyeji wa Amerika yaliyofanikiwa kumwondoa mkoloni.

Po'pay alitaka pia kukisafisha chungu. Kwa mujibu wa wenyeji waliohojiwa na Wahispania mwaka 1681, aliamuru mbegu za wageni zichomwe na watu wapande mahindi na maharage tu, mazao ya wahenga. Ushahidi huo una mushkeli wake, kwa kuwa ulitolewa na mateka mbele ya adui. Hata hivyo mmoja wao alieleza jambo ambalo ni vigumu kulitilia shaka: kwamba watu walimtii kiongozi wao katika mambo mengine, lakini kuhusu mbegu wako waliokaidi. Waliokuwa tayari kufa ili Mhispania aondoke hawakuwa tayari kuchoma ngano yake. Wahispania waliosikia hayo walidhani ni dalili ya mapenzi kwao. Mimi naona ni mkulima aliyejua kwamba ngano na mifugo vilikwisha kulipiwa, kwa jasho na kwa makaburi, na asiyeona sababu ya kumrudishia mwizi kitu alicholipia yeye. Jambo jingine: wanahistoria wengi huamini kwamba pilipili inayolimwa leo New Mexico ilifika huko na msafara wa Oñate. Zao ambalo kusini ni la mwenyeji, kaskazini liliingia ndani ya mkokoteni wa mlowezi.

Mshindi naye hakudumu. Kwa Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa tarehe 2 Februari 1848, baada ya vita vya miaka miwili, Mexico iliikabidhi Marekani karibu nusu ya ardhi yake. Wazao wa walowezi wa Kihispania, ambao wengi wao walikuwa tayari damu mchanganyiko, waliamka wakiwa raia wa daraja la pili, na mahakama mpya zikawapokonya sehemu kubwa ya ardhi walizopewa na wafalme wa zamani. Chakula chao kikaitwa kichafu na kikali mno. Aliyelishughulikia suala la ukali ni Fabián García, mzaliwa wa Chihuahua aliyekuwa katika kundi la kwanza la wahitimu wa chuo cha kilimo cha New Mexico mwaka 1894. Alichagua na kuzalisha pilipili ndefu, yenye nyama, isiyowasha sana, na mwaka 1921 akaitoa kwa wakulima kwa jina la New Mexico No. 9. Alitaka Wamarekani wenye asili ya Kiingereza wainunue. Wakainunua. Leo jimbo lile lina swali rasmi lililopitishwa na bunge lake, ambalo mhudumu wa mgahawa humuuliza mteja: nyekundu au ya kijani? Mikono inayochuma pilipili hizo katika bonde la Hatch, kwa sehemu kubwa, ni ya wahamiaji kutoka Mexico, ambao sheria haina hamu kubwa ya kuwauliza wanataka ipi.

Mwaka 2010 UNESCO iliyaingiza mapishi ya jadi ya Mexico katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa kuchukua jimbo la Michoacán kuwa kielelezo. Maelezo yaliyowasilishwa yalisisitiza mahindi, maharage, pilipili na ukale wake, na sina ugomvi nayo. Lakini Michoacán hiyo hiyo ni mashuhuri nchini kote kwa nyama ya nguruwe inayopikwa polepole katika mafuta yake. Na tangu mkataba wa biashara huru wa mwaka 1994, Mexico imekuwa mmoja wa wanunuzi wakubwa wa nguruwe na wa mahindi kutoka Marekani. Bibi anaweza kuupika mlo ule ule, kwa mkono ule ule, na usiwe tena na kitu cha shamba la kijijini kwake isipokuwa pilipili. Huo ndio upotevu wa asili unaonishughulisha, na hauonekani kwa kuhoji kila kiungo kilizaliwa bara gani. Unaonekana kwa kuuliza nani ana ardhi, nani anapanga bei, nani anasimama jikoni na kwa ujira gani.

Jumapili iliyopita niliupika nyumbani. Tomatilo sikuipata, nikatumia nyanya mbichi za kijani na maji ya ndimu mbili. Uchachu ulikaribia, harufu haikufika. Nilizichoma nyanya, pilipili, kitunguu na kitunguu saumu juu ya mkaa, nikazisaga. Kilo mbili za bega la kitimoto nilizikata vipande vikubwa, nikavikaanga mpaka vikawa vya kahawia, nikamwaga mchuzi juu yake, nikafunika na kupunguza moto. Bega ni msuli uliofanya kazi maisha yote, umejaa nyuzi ngumu, na moto mkali huukaza. Katika moto mdogo nyuzi zile huyeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito bila unga. Saa ya kwanza nyama ilikuwa ngumu kuliko ilipoingia, na mke wangu akaniuliza kama sina hakika tuagize chipsi. Ilipotimia saa ya tatu iliachana kwa kuguswa na uma.

Jirani yetu, ambaye ni Mwislamu, alikuwa amealikwa, na yeye nilimpikia katika sufuria lake la pembeni, kwa mchuzi ule ule uliogawanywa kabla ya nyama kuingia. Sokoni sikubahatika kupata bata mzinga. Nilitumia kuku, ambaye naye alikuja Mexico na meli za Wahispania.